Taja toleo kabla ya kuihukumu Metropolis

Mhariri,

Kurasa zenu za burudani za wiki iliyopita zilibeba uchambuzi wa Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927 iliyoongozwa na Fritz Lang. Mchambuzi wenu aliisifu kwa majengo yake na umati wake, kisha akaishusha kwa hoja tatu: kwamba mvumbuzi Rotwang anaunda roboti bila sababu inayoeleweka, kwamba kibarua anayebadilishana nguo na mtoto wa tajiri anapotea njiani na hakuna anayemuulizia, na kwamba yule jasusi mwembamba anaingia na kutoka kama mtu asiye na kazi. Mwisho wa makala akaandika urefu wa filamu: saa moja na nusu.

Majibu ya hoja zote tatu yamo kwenye huo urefu. Usiku wa uzinduzi, tarehe 10 Januari 1927, kwenye ukumbi wa Ufa-Palast am Zoo mjini Berlin, Metropolis ilikuwa na mita 4,189 za mkanda, ambazo kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde ni kama dakika 153. Aliyeitazama kwa dakika 90 ameona sehemu tatu kati ya tano. Kasoro alizozitaja ni za kweli kabisa, lakini zilitengenezwa na mkasi wa watu wengine baada ya Lang kumaliza kazi yake. Haki inataka msomaji aambiwe hivyo, na aambiwe pia namna ya kuipata filamu nzima, au tuseme filamu iliyo karibu na nzima.

Tuanze na hesabu, maana nayo ndiyo inayowachanganya wengi. Filamu bubu haikupimwa kwa dakika, ilipimwa kwa mita. Mkanda wa milimita 35 una picha 52 na nusu hivi katika kila mita moja. Zidisha kwa 4,189 utapata takriban picha 219,900. Idadi hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni kasi ya projekta. Ukizipitisha picha 24 kwa sekunde utakaa ukumbini saa mbili na dakika 33. Ukipitisha 20, filamu ileile inafika saa tatu na dakika tatu. Ukipitisha 25, kama ilivyo kwenye mfumo wa PAL uliotumika kwenye televisheni na kanda za video za Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, inashuka hadi dakika 147. Hakuna picha iliyokatwa wala kuongezwa hapo. Kamera za zama zile zilizungushwa kwa mkono, na wenye kumbi walikuwa na mazoea yao ya kuharakisha au kupunguza mwendo, kwa hiyo hata wataalamu wanaoheshimiana hawajakubaliana kasi ipi ndiyo sahihi kwa Metropolis. Anayekuambia "yangu ni ndefu kuliko yako" bila kutaja kasi hajakuambia kitu.

Sasa mkasi. Ufa, kampuni iliyoitengeneza, ilikuwa imeelemewa na madeni. Mwishoni mwa 1925 ilikopeshwa dola milioni 4 na kampuni mbili za Marekani, Paramount na MGM, na katika mapatano hayo ikazaliwa kampuni ya usambazaji iliyoitwa Parufamet. Kwa njia hiyo Metropolis ikaangukia mikononi mwa Paramount kwa soko la Marekani. Huko akaajiriwa mwandishi wa tamthilia, Channing Pollock, aifupishe. Hakuchukua dakika chache kutoka kila tukio, kama mhariri anayekaza mwendo angefanya. Aliondoa visa vizima, akaandika upya vibao vya maandishi vinavyosimama kati ya picha, akabadilisha na majina. Joh Fredersen, mtawala wa jiji, akageuka John Masterman.

Pigo kubwa lilimwangukia mtu ambaye haonekani akiwa hai hata mara moja katika filamu: Hel. Katika hadithi ya Lang na Thea von Harbou, aliyeandika muswada, Hel alipendwa na Rotwang, lakini akaolewa na Fredersen, akafa wakati wa kumzaa mwanawe, Freder. Rotwang hakusamehe. Nyumbani kwake, nyuma ya pazia zito, amesimamisha kichwa kikubwa cha mawe chenye sura ya Hel. Roboti ameundwa ili Hel arudi. Fredersen anapoamuru roboti avikwe sura ya Maria, msichana anayewahubiria wafanyakazi subira, ili kuwavuruga, Rotwang anakubali, lakini moyoni ana hesabu yake: chombo kilekile kitamwangamiza Fredersen, kitaliangamiza jiji lake, na kitammaliza kijana aliyezaliwa siku Hel alipofariki.

Pollock aliliona jina Hel likifanana mno na neno la Kiingereza la jehanamu, akaogopa ukumbi utacheka. Akaliondoa jina, na pamoja na jina akamwondoa mwanamke, na pamoja na mwanamke ikaondoka sababu. Roboti wa toleo la Marekani anaundwa ili kuchukua nafasi ya vibarua, na chuki kati ya wazee wawili inabaki ikielea. Mchambuzi wenu aliposema Rotwang hana sababu, alisema ukweli kuhusu nakala aliyokuwa nayo.

Na hakuwa wa kwanza. H. G. Wells, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliishambulia filamu hii vikali katika New York Times mwezi Aprili 1927, wakati nakala zilizotembea kwa Kiingereza zilikuwa tayari zimefupishwa. Sisemi angeipenda ile ndefu. Mengi aliyoyachukia yangekuwepo bado. Ila hukumu iliyoifuata filamu hii kwa miaka zaidi ya themanini, kwamba ni picha tukufu zenye hadithi mbovu, ilitolewa na watu ambao wengi wao hawakuiona hadithi yenyewe. Hata Ujerumani toleo refu lilidumu miezi michache tu Berlin. Agosti 1927 Ufa iliirudisha sokoni ikiwa na mita 3,241, yaani dakika 118 hivi kwa picha 24, na ndiyo Wajerumani wengi waliyoiona. Baadaye ikakatwa tena, na nakala za dakika 90 na kitu zilizozagaa kwa miongo mingi ni wajukuu wa mikato hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi hulipita. Enzi za filamu bubu hapakuwa na njia nzuri ya kunakili negativu, yaani mkanda mama unaotoka kwenye kamera na kuzaa nakala za kumbini, bila kupoteza ubora. Filamu kubwa iliyotarajiwa kuuzwa nje ilitengenezewa negativu zaidi ya moja: kamera mbili au zaidi ziliwekwa bega kwa bega, au tukio lilirudiwa mara kadhaa, na kila seti ya picha ikaunganishwa kuwa negativu yake. Metropolis ilikuwa na negativu tatu: moja ya Ujerumani, moja ya mauzo ya nje ya Ufa, na moja ya Paramount. Ndiyo maana ukiweka nakala mbili sambamba utaona Maria ameinua mkono mapema kidogo huku kuliko kule, au ukuta umesogea kiasi kushoto. Wengine hudhani wamegundua ulaghai. Hawajagundua ulaghai, wanaangalia kamera ya pili. Kwa mrejeshaji jambo hili ni tatizo zito, kwa sababu ukichukua kipande kutoka nakala ya negativu moja ukakibandika kwenye nyingine, mwendo wa mwigizaji unaweza kuruka.

Matoleo ya baadaye yaliyopigania kuirudisha nitayagusa kwa haraka, isipokuwa moja. Mwaka 1984 mwanamuziki Giorgio Moroder alitoa toleo la dakika 83 hivi, lenye picha zilizotiwa rangi, nyimbo za wasanii kama Freddie Mercury na Bonnie Tyler, na maandishi yaliyosogezwa chini ya picha badala ya vibao. Lina wapenzi wake na lilileta watazamaji wapya, lakini kuondoa vibao peke yake kunapunguza dakika nyingi na kuua pumzi ya filamu, maana Lang alikata picha zake akijua macho yatapumzika kwenye maandishi. Miaka ya 1980 hiyohiyo Enno Patalas wa hifadhi ya filamu ya Munich alifanya kazi ya uvumilivu zaidi: alitafuta mpangilio wa kwanza kwa kutumia kadi za bodi ya ukaguzi wa filamu, ambazo ziliandika neno kwa neno kila kibao, pamoja na nota za Gottfried Huppertz, mtunzi wa muziki wa filamu. Nota hizo zina alama zaidi ya 1,000 zinazoonyesha nini kinatokea kwenye picha wakati okestra inapiga. Kwa mrejeshaji, karatasi za Huppertz ni ramani: hata pale picha ilipopotea, unajua ilikuwa wapi na ilidumu mipigo mingapi ya muziki.

Juu ya msingi huo ukajengwa urejeshaji wa 2001, ulioongozwa na Martin Koerber kwa ajili ya taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung. Hapo walitumia kwa wingi negativu halisi ya Paramount iliyosalia katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na picha yake inang'aa kupita chochote kilichowahi kuonekana. Pale palipopotea visa, waliweka vibao vinavyoeleza kwa ufupi kilichokuwa kikitokea. Una dakika kama 124 kwa picha 24. Mwaka huohuo UNESCO iliiingiza Metropolis kwenye daftari lake la Kumbukumbu ya Dunia, filamu ya kwanza kupata nafasi hiyo. Wakati ule kila aliyehusika aliamini robo ya filamu imepotea moja kwa moja.

Hapa lazima nikae kidogo. Msambazaji wa Buenos Aires, Adolfo Z. Wilson, alikuwa amejipatia nakala ya toleo refu na kuipeleka Argentina, ikaonyeshwa huko 1928. Baadaye ikaingia kwenye mkusanyiko wa mchambuzi wa filamu Manuel Peña Rodríguez, kisha ikahamia mikononi mwa serikali. Mkanda wa zama zile ulikuwa wa naitreti, ambao hushika moto kwa urahisi na kuoza kwa miaka, na taasisi nyingi duniani zilikuwa na desturi ya kunakili kwenye mkanda salama na kuuteketeza wa zamani. Ndivyo ilivyofanyika miaka ya 1970: Metropolis ya Argentina ikapunguzwa kutoka milimita 35 hadi 16, na ule wa asili ukaharibiwa. Kopo la nakala hiyo ndogo likaenda kukaa kwenye Museo del Cine, makumbusho ya filamu ya Buenos Aires.

Aliyelifuatilia ni mwanahistoria wa filamu Fernando Martín Peña. Alikuwa amesikia kisa cha mwendesha klabu ya sinema aliyelalamika kwamba zamani, alipoionyesha nakala hiyo, mkanda ulikuwa umesinyaa kiasi kwamba alilazimika kuubana kwa kidole kwenye projekta kwa zaidi ya saa mbili. Peña hakushangazwa na kidole. Alishangazwa na saa mbili. Metropolis iliyojulikana duniani isingeweza kufika huko. Mwaka 2008, Paula Félix-Didier alipokuwa mkurugenzi wa makumbusho hayo, kopo likafunguliwa, na Julai mwaka huo habari ikatangazwa Ujerumani. Tazama basi, mhariri, thamani ya kuandika urefu wa filamu kwa usahihi: urefu ndio uliotoa fununu.

Kilichokuwemo kilikuwa karibu kila kitu, ila katika hali ya kusikitisha. Fremu ya milimita 16 ina eneo dogo kuliko la fremu bubu ya milimita 35 kwa zaidi ya mara tano, kwa hiyo maelezo madogo ya nyuso na kuta yamekwenda. Kunakili kulifanyika kwa dirisha la fremu la filamu zenye sauti, ambalo ni dogo kuliko la filamu bubu, hivyo ukingo wa picha ukakatwa pembeni na juu. Baya zaidi ni mikwaruzo. Ule mkanda wa asili ulikuwa umechezwa mpaka ukachakaa, na uliponakiliwa, mikwaruzo na mafuta yake vilipigwa picha pamoja na waigizaji. Uchafu ulioko juu ya mkanda unaweza kuoshwa. Uchafu uliopigwa picha hauoshwi, kwa sababu sasa nao ni sehemu ya picha. Kompyuta inaweza kuukisia na kuupunguza. Ukiilazimisha iuondoe wote, inaanza kufuta na pua za watu. Warejeshaji wa 2010 walijua pa kusimama, na uamuzi wao wa kuacha mistari ionekane ni wa uaminifu.

Toleo hilo lilizinduliwa tarehe 12 Februari 2010 kwenye ukumbi wa Friedrichstadt-Palast, Berlin, okestra ya redio ya Berlin ikipiga muziki wa Huppertz chini ya uongozi wa Frank Strobel. Liliunganisha picha safi za 2001 na vipande vya Argentina, likanufaika pia na nakala iliyopatikana New Zealand. Limeongeza takriban dakika 25. Vipande viwili tu vikubwa bado havipo na vimeachiwa vibao: mahubiri ya mtawa kanisani, na mapigano ya Fredersen na Rotwang yanayompa Maria nafasi ya kutoroka.

Na zile hoja nyingine mbili za mchambuzi wenu? Kibarua aliyepotea ni Georgy, mfanyakazi namba 11811. Freder anapovaa nguo zake na kuchukua zamu yake kwenye mashine, anamtuma aende nyumbani kwa Josaphat, msaidizi aliyefukuzwa kazi na Fredersen, akasubiri. Katika toleo la 2010 tunapanda gari pamoja na Georgy, akiwa na fedha za tajiri mfukoni kwa mara ya kwanza maishani, jiji likimpitia dirishani, vikaratasi vya matangazo ya jumba la starehe la Yoshiwara vikimwagika ndani ya gari. Anashindwa. Anaenda Yoshiwara. Asubuhi jasusi Mwembamba anamdaka akitoka, anapata anwani, na anaenda kwa Josaphat kumnunua kwa fedha, kisha kumtisha, kisha kupigana naye. Hivyo kibarua na jasusi ni pande mbili za kisa kimoja cha upelelezi kinachokimbia chini ya hadithi yote. Baadaye Georgy anarudi na kufa kwa kisu kilichokusudiwa Freder. Ukikata lile gari, kifo chake ni cha mpita njia. Ukiliacha, ni deni lililolipwa. Uokoaji wa watoto katika jiji la chini lililofurika nao umerefuka sana: Freder na Josaphat wanapanda nao kwenye shimo la ngazi na kukuta juu pamefungwa kwa nondo, maji yakija kwa chini. Filamu iliyodhaniwa kuwa ya alama na mafumbo matupu inageuka kuwa pia filamu ya kufukuzana, yenye kasi na hofu.

Msomaji atambueje alichonacho kwenye simu au kompyuta? Urefu pekee haumalizi shauri, kwa sababu kuna mtego. Toleo la 2001 likichezwa kwa picha 20 kwa sekunde linafika karibu dakika 149. Toleo la 2010 kwa picha 24 nalo lina karibu dakika 150. Saa zinalingana, filamu hazilingani. Kinyume chake, faili la dakika 119 na la dakika 124 huwa ni toleo lilelile la 2001, moja limeharakishwa hadi picha 25. Anza na urefu, kisha angalia visa. Nenda kwenye nyumba ya Rotwang, Fredersen anapoingia. Ukimwona Fredersen mwenyewe akivuta pazia, kichwa cha Hel kinatokea, na Rotwang anaingia kwa hasira na kulifunga, unalo la 2010. Ukikuta picha mnato au maandishi tu mahali hapo, umeshika toleo la kabla yake. Usiporidhika, tafuta Georgy ndani ya gari. Jicho nalo litakusaidia: katika toleo la 2010, vipande vya Argentina vinaingia vikiwa na mistari wima kama mvua na ukingo mweusi uliobana picha, kisha picha safi inarudi. Wapo wanaodhani faili limeharibika, wakalifuta. Msilifute. Ile mistari ndiyo cheti chake.

Kasi unaweza kuikagua mwenyewe kwa VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta. Simamisha picha mahali watu wanapotembea, kisha bonyeza herufi E, ambayo husogeza fremu moja kila mara. Kama fremu moja kati ya kila tano ni marudio ya iliyotangulia, mtengenezaji alitoa picha 20 akazipandisha hadi 25 kwa kurudia. Mwendo wake utakuwa na kigugumizi kidogo. Kama hakuna marudio, picha zimepita zilivyo. Jihadharini na zile zinazotangazwa kuwa na picha 60 kwa sekunde au zilizotiwa rangi na kompyuta. Hapo programu imebuni fremu ambazo kamera haikuzipiga: mikono inayeyuka inapopishana, na nyuso za umati zinafanywa kuwa laini mpaka zinafanana zote. Katika filamu inayohusu watu kugeuzwa mashine, hasara hiyo ni kubwa.

Kwa wanaoonyesha filamu kumbini na vibandani, mambo machache. Picha ya Metropolis ni karibu ya mraba, nne kwa tatu. Televisheni za leo ni pana, na mtu akibonyeza kitufe cha kujaza kioo, ama watu watanenepa, ama vichwa na vibao vitakatwa juu na chini. Acheni ukingo mweusi ubaki pembeni kulia na kushoto. Kwenye menyu ya televisheni zimeni kile kipengele cha kulainisha mwendo, kwani nacho hubuni fremu. Muziki uwe wa Huppertz ukiwezekana. Ulitungwa kwa filamu hii na Lang aliusikia ukipigwa siku ya uzinduzi. Marekani filamu ya 1927 ilitoka kwenye ulinzi wa hakimiliki tarehe 1 Januari 2023, lakini rekodi ya okestra ni kazi mpya yenye haki zake, kwa hiyo anayetoza kiingilio aulize kwanza.

Wasimulizi wetu wa filamu wana nafasi nzuri hapa kuliko wanavyodhani. Japani filamu bubu zilikuwa na msimulizi aliyesimama pembeni ya kioo, akiitwa benshi, na watu walilipa kumsikia yeye. Anayetaka kuisimulia Metropolis kwa Kiswahili aipitie mara moja akiandika kila kibao na dakika yake, asome kibao kinapokuwa kiooni, kisha anyamaze picha inaporudi mpaka apate ulazima wa kusema. Asiongee juu ya mlipuko wa mashine wala juu ya dansi ya roboti pale Yoshiwara. Okestra inafanya kazi huko. Na asifanye alichofanya Pollock: amtaje Hel mapema na kwa uwazi, kwa sababu mtazamaji akimkosa Hel ataanza kuuliza maswali yaleyale ya mchambuzi wenu.

Kwa anayeanza ningesema atazame la 2010 tu, licha ya mikwaruzo. Toleo la 2001 lina picha safi mwanzo hadi mwisho na wapo wanaolipendelea kwa hilo. Mimi sikubaliani nao, maana uso msafi hauwezi kulipia hadithi iliyotobolewa. La Moroder liachwe kwa anayeijua filamu tayari. Za dakika 90 zisitumiwe kabisa kufundishia wala kuchambulia.

Ombi langu kwenu, mhariri, ni dogo. Kila mnapochapisha uchambuzi wa filamu ya zamani, chini yake pawe na mstari mmoja wenye jina, mwongozaji, nchi, mwaka wa kwanza kutolewa, toleo lililotazamwa, urefu na kasi. Kwa makala ya wiki iliyopita, naomba mchapishe hivi: "Metropolis, Fritz Lang, Ujerumani, 1927. Toleo lililochambuliwa: lililofupishwa, takriban dakika 90. Toleo kamili zaidi lililopo: urejeshaji wa 2010, takriban dakika 150 kwa picha 24 kwa sekunde."

Msomaji wenu,
Tanga